Gitaa la Tehran na Litungu la Misikhu

Mgeni njoo mwenyeji apone, walinena wahenga. Hata hivyo, hawakutuambia tufanyeje mgeni huyo anapowasili na jenereta, nyaya na vipaza sauti, akaketi katikati ya uwanja na kumwomba mwenyeji ajisogeze kidogo. Swali hili lilinikalia kifuani usiku mmoja wa matanga nyumbani kwetu Misikhu, hapo barabara ya kutoka Webuye inapoelekea Kitale, na hadi leo sijaweza kulitua.

Vijana wanne wa bendi walikuwa wamepanga vyombo vyao chini ya turubai: magitaa mawili ya umeme, kinanda na ngoma za kizungu. Kwa heshima, kwani hawakuwa watovu wa adabu hata chembe, walimwalika mzee mmoja mpiga litungu ashirikiane nao. Kwa wasiolijua, litungu ni ala yetu Wabukusu yenye nyuzi saba, tumbo la mti lililowambwa ngozi, na mikono miwili iliyounganishwa juu kwa mti wa kukingama. Mzee hulitega kwa sauti yake mwenyewe: huguna kidogo, hukaza uzi, huguna tena, hadi chombo na koo vipatane. Mpiga gitaa akamwomba aupandishe uzi wa tatu kisha aushushe wa tano, ili walingane na kinanda, ambacho, kama tujuavyo, hakina desturi ya kumfuata mtu. Mzee akatii. Wakaanza. Baada ya beti mbili mzee akaacha kuimba, ingawa vidole viliendelea. Nilipomwuliza baadaye sababu, alinijibu kwa upole: "Mwanangu, uzi ule sasa unasema neno jingine."

Nimefundisha isimu kwa miaka mingi, na sidhani nimewahi kuieleza fonolojia ya lugha yangu kwa ufupi na usahihi kiasi hicho. Lubukusu, tofauti na Kiswahili, ni lugha ya toni. Kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe. Katika vitenzi, toni husaidia hata kutenga wakati mmoja na mwingine. Kwa hiyo mwimbaji wa litungu hana uhuru wa kulitupa neno popote juu ya wimbo apendavyo. Wimbo wake umefungwa kwa kamba kwenye usemi. Ukipandisha uzi, wimbo unahama, na neno nalo linavutwa hadi liegemee upande usio wake. Mzee alikuwa akizungumzia sarufi, na waliokuwa karibu wakadhani amechoka.

Kesho yake mpiga gitaa alinijia nyumbani. Ni mwanafunzi wa chuo kikuu, kijana mwenye masikio mazuri na maswali mengi. Alikuwa na simu mkononi. "Mwalimu," akasema, "wasikilize hawa." Nikasikia gitaa la umeme likinguruma kama lori linalopanda mlima, kisha sauti ya mwanamume ikiimba kwa Kiajemi. Maneno yale, kijana aliniambia, yametungwa na Hafez, malenga wa mji wa Shiraz aliyeishi katika karne ya 14. "Ikiwa Wairani wameweza kumtia Hafez katika muziki wa roki," akauliza, "kwa nini sisi tusiweze kuitia kumuse?" Nilimwomba muda nifikiri. Makala haya ndiyo jibu langu, na kwa kuwa najua walimu na wanafunzi wengi wanaulizana swali la aina hiyo, nimeona afadhali nimjibu hadharani.

Kundi aliloniletea huitwa O-Hum. Liliundwa mjini Tehran mwishoni mwa miaka ya 1990, na mwimbaji wake ni Shahram Sharbaf. Ili tuelewe ujasiri wao, yafaa tukumbuke mazingira. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1979 muziki wa kimagharibi ulipigwa marufuku nchini Iran. Mambo yalianza kulegea kidogo tu baada ya Rais Khatami kuchaguliwa mwaka 1997, na hata hapo kila sahani ya muziki ilihitaji kibali cha Wizara ya Utamaduni na Mwongozo wa Kiislamu. Vijana wa O-Hum wakachukua mashairi ya Hafez, wakayaimba juu ya magitaa ya umeme, wakichanganya na ala za kwao kama vile setar na ile ngoma bapa ambayo watu wetu wa pwani huiita dufu. Albamu yao Nahal-e Heyrat, yaani mche wa bumbuazi, ilinyimwa kibali. Wakaiweka kwenye mtandao wa intaneti aichukue atakaye, bila malipo.

Hebu mwalimu wa fasihi alitafakari jambo hilo. Diwani ya Hafez inauzwa waziwazi katika maduka ya vitabu ya Iran. Hakuna aliyelikataza neno hata moja la mshairi huyo. Maneno yaleyale yaliposhikana mkono na gitaa, mlango ukafungwa. (Neno diwani lenyewe, kwa njia, ni la Kiajemi, sawa na bandari na serikali. Wanafunzi hunitazama kwa mashaka ninapowaambia kwamba wanazungumza Kiajemi kila siku sokoni na ofisini.)

Sasa, kwa nini jaribio lile lilifaulu kisanaa? Wengi watasema ni kwa sababu Hafez ni mshairi mkubwa. Jibu hilo halitoshi. Washairi wakubwa wako wengi, na magitaa yamewaua baadhi yao mchana kweupe. Tuangalie utungo wenyewe. Hafez aliandika ghazali, na ghazali ya Kiajemi hupimwa kwa silabi ndefu na fupi zinazofuatana kwa mpangilio usiobadilika toka mwanzo hadi mwisho. Mpiga ngoma akiusikia mpangilio huo, nusu ya kazi yake imekwisha kufanywa. Zaidi ya hayo, katika ghazali nyingi kila ubeti hufungwa kwa neno au fungu la maneno lilelile baada ya kina. Mshairi alilitumia kama msumari. Bendi ya roki inalitumia kama kiitikio, na hakuna aliyelazimika kubadili hata herufi.

Lakini sababu kubwa zaidi haimo kwenye karatasi. Imo vichwani mwa wasikilizaji. Hafez yumo katika nyumba za Wairani kama chumvi. Familia huifungua diwani yake katika usiku mrefu kuliko yote wa majira ya baridi, na wakati wa Nairuzi pia, ili kupiga bao: unanuia swali lako, unafungua ukurasa bila kuchagua, na shairi linakujibu. Watu wa kawaida kabisa, si maprofesa tu, huzuru kaburi lake huko Shiraz na kuyasoma mashairi yake hapo. Mtu wa namna hiyo akisikia nusu ya mshororo, nusu ya pili anayo tayari. Gitaa linaweza kunguruma likalifunika neno, naye akalifunua mwenyewe. O-Hum hawakumfundisha mtu yeyote Hafez. Walimkuta amekwisha kukaa, wakamwongezea kiti.

Si kwamba hapakuwa na gharama. Setar ina vigawanyo vya shingo vilivyofungwa kwa uzi, navyo husogezwa ili kupata sauti ambazo Waajemi huzitambua baina ya sauti mbili za kinanda. Vigawanyo vya gitaa ni vya chuma na havisogei. Kwa hiyo bendi inayotaka gitaa ama huziepuka tuni zenye sauti hizo, ama humwachia mwimbaji na setar wazibebe peke yao. Hata Tehran, basi, kuna nyuzi zilizokazwa kwa amri ya mgeni. Mzee wetu wa litungu angewaelewa.

Msomaji wa pwani huenda anatabasamu, akikumbuka kwamba kwao jambo hili lilimalizika zamani. Ni kweli. Mjini Tanga, katika miaka ya 1960 na 1970, Black Star Musical Club waliingiza magitaa katika taarabu, na sauti kama ya Bi Shakila binti Saidi, aliyefariki mwaka 2016, ikabeba mashairi ya Kiswahili juu ya magitaa hayo bila shairi kupoteza kitu. Lakini shairi la Kiswahili ni msafiri mwepesi. Lina mizani 16 katika mshororo, vina vyake viko mahali panapojulikana, na lugha yenyewe haina toni ya kuvunjika. Unaweza kulivika tuni ya Misri, ya Bombay au ya Havana, nalo likabaki na maana yake. Anayetaka kuiga Tanga akiwa Misikhu ajue kwamba mzigo wake ni mzito zaidi.

Tuna walimu wengine walio karibu. Kabla ya vijana wangu wa bendi kuzaliwa, Magharibi ya Kenya ilikwisha kulipokea gitaa na kulifunza adabu. George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, alilipiga gitaa kavu kwa vidole kwa mtindo ulioitwa omutibo, huku mwenzake akigonga chupa ya soda. Mtu aliyekua akisikia litungu hahitaji kuelezwa zile nyuzi zinazojibizana zimetoka wapi. Ng'ambo ya pili, Wajaluo walilifanya gitaa la benga liseme kama nyatiti, D. O. Misiani na bendi yake ya Shirati wakaisambaza lugha hiyo kila pembe ya nchi. Katika visa hivi vyote gitaa ndilo lililokaa chini likafundishwa. Lilikuja likiwa na nyuzi sita na majivuno, likatoka likiwa na lafudhi ya kijijini.

Ayub Ogada alitembea njia hiyo kwa kinyume. Alianza Nairobi na kundi la African Heritage lililochanganya muziki wa asili na roki, kisha akaenda Uingereza, na albamu iliyompa jina duniani, En Mana Kuoyo ya mwaka 1993, imejengwa juu ya nyatiti na sauti yake. Aliaga dunia mwaka 2019. Nalo kundi la Extra Golden liliwaunganisha wapiga roki wa Marekani na wapiga benga wa Kenya. Mmoja wa Wamarekani hao, Ian Eagleson, alikuja kwetu kama mtafiti wa benga. Albamu yao ya mwaka 2006 inaitwa Ok-Oyot System. Kwa Kijaluo, ok oyot ni kusema si rahisi. Laiti maneno hayo yangeandikwa juu ya mlango wa kila chumba cha mazoezi! Usikilizapo kazi yao utasikia kwamba roki ndiyo iliyosogea: gitaa la Mmarekani linazungukia pale benga inapozungukia, na sauti ya Kijaluo inatamka kama inavyotamka nyumbani.

Narudi kwa kumuse, kwani najua kijana wangu amekuwa akisubiri kwa subira. Khuswala kumuse ni hotuba ya matanga ya mtu mzito katika jamii. Omuswali, yaani mzungumzaji aliyejaliwa na kukubaliwa kwa kazi hiyo, husimama katika uwanja uliozungukwa na watu, akatembea huku na huko, akisimulia chimbuko la koo, vita, uhamaji, makosa ya walio hai na yale yatakayokuja. Umati hunyamaza. Wazee wa kwetu bado wanamtaja Manguliechi, aliyesifika sana katika sanaa hiyo. Nani asiyetamani kuusikia ukubwa huo juu ya gitaa?

Hata hivyo nasema hapana, na si kwa kuogopa mizimu. Ghazali ya Hafez ni mali ya kila anayeikariri. Kumuse ni ya mtu fulani, siku fulani, mbele ya msiba fulani. Ukiitenga na omuswali na uwanja wake unabaki na maneno yasiyo na mwenyewe. Pia haina kipimo kinachojirudia ambacho ngoma inaweza kukishika. Nguvu yake imo katika kusita, katika kurefusha pumzi, katika ule ukimya ambao mzungumzaji huuacha ukaiva. Ngoma za kizungu haziujui ukimya huo. Zikianza zimeanza. Lakini nyimbo za litungu, zile za sifa, za kejeli, za historia na za mapenzi, zilitungwa zipigwe na ziitikiwe. Hizo ndizo ghazali zetu. Kijana akitaka Hafez wake amtafute huko.

Hapo ndipo ninapofikia jambo linalonikosesha usingizi kuliko suala la nyuzi. Tuseme bendi imekubali kulifuata litungu. Tuseme gitaa limetegwa upya na kinanda kimeachwa nyumbani. Je, atakayesikia nusu ya mshororo atakuwa na nusu ya pili? Nimewahi kuwauliza wanafunzi wangu waliotoka Bungoma na Trans Nzoia wanikamilishie methali za Lubukusu zilizo za kawaida kabisa. Wengi walitazama chini. Mmoja alinikamilishia kwa Kiingereza, na darasa likacheka, nami nikacheka, kisha sikuona tena cha kuchekesha. Kwa wasikilizaji wa namna hiyo gitaa halifuniki neno wanalolijua. Linafunika pengo, nao wanaondoka wakiamini wamesikia utamaduni wao.

Sitaki kutia chumvi. Zipo nyimbo ambazo hazijaanguka. Ufikapo mwezi wa Agosti wa mwaka unaogawanyika kwa mbili, wakati wa tohara, hata kijana aliyelelewa Nairobi au Eldoret huijua sioyaye, ule wimbo wa alfajiri wa kumrudisha mtahiriwa kutoka mtoni. Hakufundishwa shuleni. Aliupata kwa kukimbia nyuma ya wengine akiwa na miguu michafu, akijua kwamba siku moja ataimbiwa yeye. Wimbo huo umebaki kwa sababu una kazi.

Sisi walimu tunafanya nini? Kila mwaka tunawatayarishia watoto nyimbo za kiasili kwa ajili ya tamasha la muziki. Tunatafuta ngozi, njuga na manyoya. Tunafunza kamabeka, ile ngoma ya mabega, hadi mabega yanakwenda kama mashine. Nimeketi katika mashindano ya namna hiyo nikamsikia mtoto akiimba beti nzuri ajabu za kwetu, nikamwita pembeni baadaye nikamwuliza maana. Hakujua. Mwalimu wake aliyasimamia matamshi yote kwa bidii, na maana haikuwa na alama. Misikhu yetu, ambako shule ya wasichana imepewa jina la Mtakatifu Sesilia, anayeheshimiwa na Wakatoliki kama msimamizi wa wanamuziki, ingestahili kuwa mahali ambapo mwanafunzi anaweza kuufasiri wimbo anaouimba. Ni kazi ya vipindi viwili vya fasihi simulizi: mwite mpiga litungu darasani, mpe kiti, acha wanafunzi wamwulize neno kwa neno, kisha waandike. Hakuna umeme unaohitajika.

Nilimweleza kijana wangu mambo haya kwa ufupi kuliko nilivyoyaandika. Nilidhani atakata tamaa au atanionea kama mzee mwingine tu anayezuia. Akaniuliza swali moja: kama O-Hum wangemkuta Hafez amesahauliwa, wangefanya nini? Nilimwambia sijui, labda wangekuwa kwanza walimu wa shule. Hakunijibu.

Jumamosi iliyopita nilipita kwa yule mzee jioni. Nilimkuta kijana ameketi kwenye kigoda, gitaa mapajani, bila jenereta wala kipaza sauti. Alikuwa amezilegeza nyuzi zake na anazitega upya, moja baada ya nyingine, akifuata mguno wa mzee. Ule wa tatu ulimsumbua kwa muda mrefu. Alipoupata akataka kuanza kupiga, mzee akamwekea kiganja juu ya nyuzi.

"Bado, mjukuu wangu. Niambie kwanza wimbo huu unamsema nani."

"Sijui, kuka," akasema kijana.

Mzee akaliegemeza litungu ukutani, akamwita mtu ndani alete chai, akaanza kumsimulia.